Fuwele za asidi ya benzoiki: maji yameipiku spiriti

Poda imekauka, kazi inaendelea. Kwa wanaojiunga sasa: nilichukua sodiamu benzoeti, ile ya kuhifadhia juisi na sosi, nikaiyeyusha majini na kutia asidi ya sitriki. Asidi ya benzoiki ikajitenga, nyeupe tupu, ila bado ina mabaki ya sitriki. Sasa ni kuifuwelisha upya, yaani kuiyeyusha kwenye kimiminika cha moto kisha kuipoza itoke tena kama fuwele safi, na swali ni kiyeyushi (kimiminika cha kuyeyushia) gani kitumike.

Nilianza na spiriti ya duka la dawa. Chembe kidogo kwenye kichupa, matone machache, tikisa: yote imepotea, bila moto wowote. Inavutia, lakini kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuikataa. Kitu kinachoyeyuka hivyo kwenye baridi hakitarudi chote ukikipoza. Tena spiriti hushika moto upesi, na jiko langu ni la gesi. Mafuta ya taa sikuyagusa kabisa. Nani anataka fuwele zinazonuka taa?

Kwenye maji baridi poda ilielea tu, hata kulowa haitaki. Yalipochemka, ikaingia yote. Pengo hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Kwenye digrii 25, mililita 100 za maji hubeba gramu 0.34 tu, kwenye digrii 100, kama gramu 5.6. Hiyo ya pili waachiwe watu wa Mombasa. Huku Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na maji huchemka karibu digrii 94, kwa hiyo napanga gramu 3.5 kwa kila mililita 100. Sitriki nayo huyeyuka vizuri hata kwenye maji baridi, basi hubaki humo fuwele zikitoka.

Poda ikizidi na maji yakikaribia kuchemka, chini ya chombo huonekana matone mazito ya mafutamafuta. Usidhani ni uchafu. Ni benzoiki yenyewe, imegeuka kimiminika kabla ya kuyeyuka majini. Ongeza maji moto kidogo kidogo mpaka yaishe, ila kwa ubahili: kila mililita 100 za ziada hubaki na theluthi ya gramu yako. Na fungua dirisha, mvuke wake unakereketa koo vibaya sana.

Maji ya kisima cha ploti yetu huacha ukoko mweupe kwenye birika, kwa hiyo nimetumia maji safi ya kuongezea betri ya gari (maji, si asidi!). Faneli niliipasha moto kwanza, la sivyo fuwele huziba karatasi ya chujio katikati ya kazi. Kisha nikaacha ipoe yenyewe mezani, ndipo ikaingia kwenye barafu, na nikaziosha fuwele kwa maji baridi machache.

Zimetoka bapa, nyembamba, zinametameta. Zikikauka nitapima kiwango cha kuyeyuka, yaani digrii zinapogeuka kimiminika kwa joto tu, bila maji. Benzoiki safi huyeyuka kwenye digrii 122. Zikianza kulegea chini ya hapo, zinarudi sufuriani.