Nyimbo sita kwenye daladala

Jana foleni ilitukalia vibaya, nikaweka ile EP (albamu fupi) ya 1992 ya Bikini Kill, bendi ya punk ya Marekani. Nyimbo sita tu! Hata hujatulia, mwimbaji wao Kathleen Hanna anatangaza wanataka mapinduzi, tena ya kisichana, sasa hivi. Nikawa natikisa kichwa hadi mama wa pembeni akauliza, "Mwanangu, uko salama?" Ngoma anazopiga Tobi Vail ni kama mtu anagonga mlango aliofungiwa. Nyimbo nyingi alizirekodi Ian MacKaye wa bendi ya Fugazi, naye hakuzipaka poda, makwaruzo yote yamo. Wimbo wa mwisho, uliorekodiwa jukwaani, kwangu ni fujo, nauruka. Ila "Feels Blind" jamani! Besi inatangulia peke yake, kisha Hanna anaanza taratibu, halafu koo linapasuka. Nimeurudia mara nne, kituo kikanipita.