Majibu ya vinyama vya shangazi

Shangazi alinikabidhi karatasi ya majibu barazani kwake Magomeni. Walikuwa wamempitisha mpira wenye kamera na kumchukua vinyama vya tumbo, na kule kusoma kwamba ana metaplasia kulimkosesha usingizi. Jirani alishamwambia ni saratani.

"Nisomee mwanangu, usinifiche kitu."

Nilianza na rangi, maana kazi yetu ya maabara imesimama hapo. Kinyama huhifadhiwa kwenye fomalini ya asilimia 10, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa kwa unene wa maikroni 3 hadi 4. Hematoksilini hutia viini vya seli buluu, eosini hutia sehemu nyingine waridi. Kwa rangi hizo waliona neutrofili, chembe nyeupe za damu, zimejipenyeza kwenye tezi, yaani mchochota bado unawaka. Rangi nyingine, Alshiani bluu, hushika ute wenye asidi. Uso wa tumbo lenye afya hauna ute huo. Ukiona seli za buluu zenye umbo la kikombe, ujue ukuta wa tumbo umeanza kugeuka kama wa utumbo. Hiyo ndiyo metaplasia. Ni ya kufuatiliwa, lakini si saratani, na chini waliandika wazi kuwa hakuna displasia, yaani seli zilizoanza kuharibika kuelekea saratani. Shangazi akashusha pumzi.

Mimi nilikwama kwenye Giemsa, rangi ya kumsaka H. pylori, bakteria wa tumbo wanaoonekana kama vijiti vilivyopinda ndani ya ute. Waliandika hawakuonekana. Sasa neutrofili zote zile zimeitwa na nani?

"Shangazi, omeprazo uliacha lini?"

"Niache? Nimemeza mpaka usiku wa kuamkia kipimo. Bila hiyo silali."

Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikikata asidi, bakteria hupungua sehemu ya chini ya tumbo na waliobaki hujikusanya juu. Yeye alichukuliwa vinyama 2, vyote vya chini, ilhali mwongozo wa Sydney, wa kuchukua vinyama vya tumbo, unataka 5: 2 vya chini, 2 vya katikati, 1 cha kwenye kona ya tumbo. Tena omeprazo huachwa wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4.

Nilimwandikia haya yote nyuma ya karatasi ampelekee daktari wake. Daktari akamsimamisha omeprazo, akaagiza kipimo cha antijeni, yaani chembechembe za bakteria huyo, kwenye kinyesi. Kikarudi chanya. Akaanzishiwa dozi ya siku 14 ya kumuua bakteria huyo, na kipimo cha kuhakikisha kikapangwa wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho, omeprazo ikiwa imeachwa tena.