Muhtasari wa Pili

Sanduku la bati lilitolewa chumbani na kuwekwa juu ya mkeka. Mama mjane akalifungua kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa Agosti 2016, kijiji kimoja cha Tarime, na kile kilikuwa kikao cha pili cha ukoo kuhusu mirathi ya mumewe. Muhtasari wa kikao cha kwanza ulikuwa umerudi kutoka mahakama ya mwanzo ukiwa na duara jekundu kwenye neno moja, na mimi, msaidizi wa kisheria, niliitwa kuja kuuandika upya.

Marehemu alikuwa sajenti mstaafu. Katika Vita vya Kagera alipita Kyaka mwishoni mwa 1978, akaingia Uganda, akawa Kampala Aprili 1979, na akarudi na sikio la kushoto lisilosikia. Sandukuni mlikuwa na medali ya Kagera ndani ya soksi, cheti cha kustaafu kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka, na karatasi ya malipo yenye namba yake ya jeshi, ile inayoanza na MT. Nilitangulia kuinakili namba hiyo. Majina ya watu hubadilika ofisi hadi ofisi, lakini namba haibadiliki.

Neno lililozungushiwa duara lilikuwa "mrithi". Kikao cha kwanza kiliandika kwamba ukoo umemteua mjane kuwa mrithi wa marehemu. Ukoo hauteui mrithi. Unapendekeza msimamizi wa mirathi, mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili, na mahakama ndiyo inayomteua. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko kosa jingine lolote, na linaumiza, kwa sababu watoto wakilisikia huamini mama anataka kula peke yake. Kijana wa mke mdogo alikuwa ameketi kando, mgongo kautegemeza ukutani, hasemi na mtu. Kwenye muhtasari wa kwanza yeye na dada zake wawili hawakutajwa kabisa.

"Mama mkubwa anajua tupo," alisema hatimaye. "Karatasi ndiyo haijui."

Tukaanza upya: tarehe, mahali, waliohudhuria na uhusiano wa kila mmoja na marehemu, wajane wote wawili, watoto wote saba kwa umri, jina la msimamizi anayependekezwa, kisha saini au dole gumba la kila aliyehudhuria. Mwisho muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mjane mkubwa akapendekezwa tena, na safari hii kijana ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Majina ndiyo yaliyokula mchana. Jeshini marehemu aliandikishwa kwa majina mawili, la ubatizo na la baba, na karani wa enzi hizo aliliandika la baba kwa L. Tarime jina hilo ni la R. Kitambulisho cha taifa kilikuwa na majina matatu, na cheti cha kifo kilifuata kitambulisho. Akaunti ya benki ilifuata jeshi. Kwa macho ya mlipaji wa pensheni, hao ni watu wawili, mmoja amekufa na mwingine anaendelea kulipwa. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, ikiapwa na ndugu aliyemfahamu marehemu tangu utoto. Kila namna ya jina inaandikwa herufi kwa herufi, na pembeni yake waraka lilikotoka, pamoja na namba ya jeshi. Na kiapo kitangulie maombi. Ukikileta baadaye, Fomu Na. 4, yaani hati ya uteuzi, itatoka na jina moja tu, nawe utarudi kuomba irekebishwe wakati ada za shule zinasubiri.

Hakimu naye alikuwa ameuliza jambo ambalo familia haikulitegemea: marehemu aliishi kwa sheria gani? Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya aliyefuata mila au Uislamu. Huyu alibatizwa. Tukaeleza kwenye maombi, Fomu Na. 1, maisha yake yalivyokuwa: wake wawili, mahari ya ng'ombe kwa wote, mashamba aliyokata mwenyewe kwa kila nyumba. Angekuwa na ndoa moja ya kanisani na maisha ya kuendana nayo, pengine safari ingekuwa ya mahakama ya juu zaidi.

Jua lilikuwa limeshashuka nilipouliza kadi ya benki iko wapi. Kimya. Mama akatazama chini, kisha akaitoa kwenye mkebe wa ugoro, namba ya siri imeandikwa nyuma kwa kalamu ya bluu.

"Mwanangu, tulitoa mara mbili," alisema. "Ya Mei na ya Juni. Mazishi yalikuwa na deni la jeneza."

Marehemu alikufa Aprili. Pensheni inayoingia baada ya tarehe ya kifo si yake tena, na aliyeilipa huidai, mara nyingi kwa kuikata kwenye kile ambacho familia inadai. Nikamwambia asiitumie tena, apeleke taarifa benki na kwa mlipaji pamoja na nakala ya cheti cha kifo, na asifiche. Mzee mmoja, mwenzake marehemu wa vita, akacheka kidogo: "Afande huyo, hata amekufa bado anapokea mshahara."

Uteuzi ulitoka baadaye mwaka huo. Kuanzia hapo msimamizi ana miezi minne kurudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni. Karani aliandika tulivyomtajia: ng'ombe watatu, shamba ekari mbili, nyumba mbili za bati, mafao ambayo hayajalipwa. Akafika upande wa madeni, akamtazama mama.

"Pensheni ya miezi miwili," mama akasema, na kumtajia kiasi mpaka shilingi ya mwisho.