Nusukaputi ya Mjomba

Jumatano, saa tano usiku

Mjomba kalala chumba cha pili, kichwa kimefungwa bendeji. Majibu ya kinyama walichokata kupima kwenye uvimbe wa ubongo wake bado. Nimeona niandike kabla hayajatoka, maana yakitoka sitakumbuka tena usiku ule kama ulivyokuwa.

Usiku wa kuamkia upasuaji ukoo mzima ulikuwa na swali moja: bingwa wa ubongo ni nani na ameshapasua wangapi? Atakayemlaza hakuna aliyemuuliza. Kwetu nusukaputi ni nusukaputi, unachomwa, unazama, basi.

Saa nne hivi binamu akatupia ujumbe kwenye grupu la familia: gesi ya usingizi inasambaza saratani, daini ya mshipani. Grupu likawaka. Mimi nikakesha nasoma. Nikakuta kwamba jambo lenyewe halikuzuka hewani. Kwenye maabara, gesi kama sevoflureni imeonekana kudhoofisha chembe za kinga zinazowinda saratani, na propofoli, ile dawa ya mshipani nyeupe kama maziwa, imeonekana kuwa na nafuu. Lakini wanaopekua mafaili ya wagonjwa wa uvimbe wa ubongo hawapatani: huyu kaona waliopewa propofoli wameishi zaidi kidogo, yule hakuona tofauti. Kwenye saratani ya matiti jaribio kubwa lilitoka 2019, wanawake 2,108. Nusu walipewa gesi na dawa kali za maumivu, nusu ganzi ya mgongoni pamoja na propofoli. Saratani iliwarudia 10 katika kila 100, pande zote mbili.

Asubuhi daktari wa usingizi akaja, mama mmoja wa makamo, kalamu sikioni. Maswali yake yalinishangaza. Unakoroma? Una meno ya bandia? Dawa ya kifafa umemeza saa ngapi? Unashonea mkono upi?

"Huu," Mjomba akainua wa kulia, ambao tayari ulikuwa unatetemeka. Miaka 31 ya cherehani.

Nikampa daktari simu asome ujumbe wa binamu. Alisoma yote, wala hakucheka.

"Mwanangu, ingekuwa imethibitika, gesi ningeshaiacha zamani. Leo nitampa ya mshipani, ila sababu yangu ni nyingine. Fuvu halitanuki. Gesi ikizidi inapanua mishipa, damu inajaa, ubongo unabanwa. Propofoli inapunguza damu, ubongo unatulia, mwenzangu anapata pa kupitisha mkono. Na wakati wa kuamka sitaki akohoe, kikohozi kinapandisha presha kichwani. Nataka aamke taratibu, anishike kidole."

Halafu akaongeza, kama anayejisemea, kwamba kinachompa mgonjwa wa namna hii muda ni uvimbe kutolewa mwingi iwezekanavyo bila kuharibu mkono wala ulimi, na kazi yake yeye ni kumtengenezea mpasuaji mazingira hayo.

Alitaja pia wanaopasuliwa wakiwa macho. Ngozi ya kichwa inatiwa ganzi, ubongo wenyewe hauumi, na mgonjwa anaongea huku daktari akigusa sehemu kwa umeme kidogo ajue asikate wapi. Wilder Penfield alikuwa akifanya hivyo Montreal tangu miaka ya 1930. Mjomba akamkata kauli: "Nipige soga huku kichwa kiko wazi? Daktari, nilaze."

Tulikaa masaa sita na nusu pale kwenye benchi. Shangazi alimaliza tasbihi sijui mara ngapi. Binamu naye, aliyewasha moto kwenye grupu, kimya kabisa.

Waliponiruhusu kuingia ICU jioni, Mjomba alikuwa amefumba macho. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, kidole gumba na cha shahada vinasugua upindo, taratibu, mbele na nyuma, kama dukani mteja akileta kitambaa. Nikamwita. Hakufumbua macho.

"Tetroni hii," akasema, sauti imekauka. "Wamewaambia pamba?"