Nyasi za Florence na mchanga wa Arrakis

Riwaya ya Dune niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, katika nakala ya Kiingereza iliyokuwa imepitia mikono mingi hata ikapoteza jalada pamoja na kurasa zake za mwisho. Kwa kuwa kurasa hizo ndizo zenye viambatisho, nilikaa zaidi ya miaka kumi nikidhani kwamba nimesoma hadithi ya kijana wa ukoo wa kifalme anayelipiza kisasi cha baba yake. Ukurasa wa tabaruku ulikuwepo, na humo mwandishi, Frank Herbert, aliitoa kazi yake kwa wanaikolojia wa nchi kame popote walipo, lakini mimi niliupita kama mtu anavyozipita salamu za mwanzo wa barua. Nilipopata nakala kamili na kusoma kiambatisho cha kwanza, kinachoeleza ikolojia ya sayari ya Arrakis, niliona kwamba kile nilichokidhania kuwa pambo ndicho kilichokuwa nguzo ya nyumba nzima.

Kwa ambaye hajaisoma, habari yenyewe ni hii. Arrakis ni sayari isiyonyesha mvua, na ndiyo pekee katika ulimwengu wote inakopatikana melange, kiungo kinachorefusha maisha na kuwapa marubani wa vyombo vya angani uwezo wa kuona njia kati ya nyota. Mchanga wake unakaliwa na minyoo wenye urefu wa mamia ya mita, na majangwa yake yanakaliwa na Wafremen, watu wanaovaa mavazi yanayonasa jasho na pumzi na kuyarudisha kinywani yakiwa maji. Ukoo wa Atreides unakabidhiwa utawala wa sayari hiyo, unasalitiwa na maadui zake, na mrithi wake, Paul, anakimbilia kwa Wafremen na hatimaye kuwa kiongozi wao. Vita, hila na unabii ndivyo vilivyoingia kwenye filamu za mwaka 2021 na 2024, na filamu hizo zinapendeza sana machoni, ila mtu aliyeziona bila kusoma kitabu hataelewa jangwa hilo limefikaje kuwa lilivyo, wala kwa nini kulibadilisha ni jambo la hatari.

Chanzo cha riwaya ni mchanga wa kweli. Mwaka 1957 Herbert, ambaye kazi yake ilikuwa uandishi wa habari, alikwenda karibu na mji wa Florence, katika pwani ya jimbo la Oregon nchini Marekani, kuandika makala kuhusu mradi wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Vilima vya mchanga pale vilikuwa vikisukumwa na upepo wa bahari na kufunika barabara na chochote kilichokuwa mbele yake, na wataalamu walikuwa wamegundua kwamba nyasi fulani zilizotoka Ulaya, zikipandwa kwa mpangilio, huushika mchanga ukatulia. Makala hiyo hakuichapisha. Badala yake alizama katika vitabu vya jangwa, dini na watu wa nchi kame kwa miaka kadhaa, na kilichotoka humo kilianza kuchapishwa kwa mafungu katika Analog, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka 1963. Wachapishaji wa vitabu zaidi ya ishirini waliikataa, mpaka ikachukuliwa mwaka 1965 na kampuni ya Chilton, iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa vitabu vya kufundisha ufundi wa magari. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Nebula na tuzo ya Hugo, ambazo hutolewa kwa hadithi za aina hiyo.

Nyasi zile za Florence zimo katika kiambatisho, karibu kama zilivyo. Pardot Kynes, mtaalamu wa sayari aliyetumwa na Mfalme wa Wafalme, anaanza kwa kupanda nyasi upande wa demani wa kilima, yaani ule usiopigwa na upepo. Upande huo ukishashikwa, upande wa joshi huzidi kuinuka, na nyasi huhamishwa juu pamoja nao, hata kilima kinafikia zaidi ya mita 1,500. Hufuata nyasi ngumu zaidi, kisha vichaka, kisha mimea yenyewe ya jangwani, kisha wanyama wachimbao mashimo ili udongo upate hewa, kisha mwewe na bundi wa kuwala hao wachimbaji, na mwisho kabisa mitende, pamba, matikiti na kahawa. Wafremen wanapomwuliza kazi itachukua muda gani, anawajibu kwamba ni kati ya miaka 300 na 500. Hakuna anayelalamika. Wanakaza mishipi yao na kurudi kazini, na nakiri kwamba sentensi hiyo moja ilinifanya niweke kitabu chini kwa muda, kwa maana sijawahi kuhudhuria mkutano wa mradi wowote ambao watu wake walikubali kupanda kitu kitakacholiwa na vitukuu vya vitukuu vyao.

Subira hiyo inaeleweka mtu akitazama jinsi wanavyoyachukulia maji. Paul anamwua Mfremen aitwaye Jamis katika pambano la visu, na usiku wa mazishi maji ya mwili wa marehemu yanapimwa kwa usahihi hadi visehemu vya tone, zaidi ya lita 33, kisha anakabidhiwa Paul kwa kuwa ni haki ya mshindi. Paul anasimama kumzungumzia marehemu, machozi yanamtoka, na waliomzunguka wanashangaa kwamba huyu mgeni anampa maiti unyevu wa mwili wake. Mmoja ananyoosha kidole na kuligusa shavu lake lililolowa. Baadaye anaoneshwa hodhi kubwa ndani ya mwamba, lenye maji yaliyokusanywa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kuigeuza sayari, ambayo hata anayekaribia kufa kwa kiu hayagusi.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ndogo hapa ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Herbert alichota maneno mengi katika Kiarabu, na mengi yao ni ndugu za maneno yetu. Shaitan na Mahdi havihitaji maelezo. Jina la siri analopewa Paul, Usul, lenye maana ya msingi wa nguzo, linatoka shina moja na neno letu asili. Jina lake la hadharani, Muad'Dib, ni la panya mdogo wa jangwani anayejitengenezea maji yake mwenyewe, na Wafremen humwita panya huyo mwalimu wa vijana. Aliyefunzwa adabu na mwalimu wa madrasa hatapata taabu kuisikia adabu imo ndani ya jina hilo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Watu wengi huisifu Dune kama kitabu cha kuhimiza kugeuza jangwa kuwa bustani, na mimi pia nilikisoma hivyo nilipopata kile kiambatisho. Lakini Herbert ameweka mtego. Minyoo huanza maisha yao wakiwa viumbe wadogo wanaoyafungia maji chini ya ardhi, na mnyoo mkubwa akikutana na maji hufa. Kiungo cha melange hutokana na maisha ya viumbe hao hao. Kwa hiyo kila mtende unaostawi unapunguza makazi ya mnyoo, na pamoja naye kiungo, na pamoja na kiungo ule ugumu wa maisha uliowafanya Wafremen kuwa Wafremen. Katika vitabu vilivyofuata, hasa kile cha mwaka 1976 na cha mwaka 1981, bustani inapatikana na minyoo inatoweka.

Ni nani alipaswa kuuliza mapema bustani hiyo ingegharimu nini? Kiambatisho kinasimulia kwamba wazee wa Wafremen, wakihofia kwamba Kynes anajua mno siri zao, walimtuma mtu aitwaye Uliet akamwue. Uliet alimjia na kisu akamkuta anazungumza kwa bidii juu ya mitego ya kunasa unyevu wa hewa, na Kynes, bila hata kukatiza maneno yake, akamwambia aondoke. Uliet akapiga hatua tatu, akajiangusha juu ya kisu chake mwenyewe. Tangu siku hiyo Kynes alikuwa nabii, na neno lake likawa amri. Kwangu mimi huo ndio ukurasa wa kutisha kuliko yote, pamoja na ile yenye vita, kwa sababu ndipo mahali ambapo mtaalamu alikoma kujibiwa.

Nimetumia neno kutisha kwa sababu nina shangazi anayeishi Marigat, Baringo, nchini Kenya. Mapema miaka ya 1980 uliletwa huko mti wenye asili ya Amerika, tunaouita mathenge, ili uzuie ardhi kugeuka jangwa na uwape watu kuni. Ulifanya kazi hiyo vizuri mno. Ulishika ardhi, ukashika na malisho, na kandokando ya mito, na njia za mifugo, na kuung'oa si kazi ya jembe. Shangazi yangu alinionesha mbuzi mmoja, akamfungua kinywa kwa vidole viwili kama mtu anayekagua mfuko uliotoboka, na mlikuwa na vijino vilivyooza kwa utamu wa yale maganda. Mbuzi mwenzake, asiye na meno, alipelekwa na wakazi hadi mahakamani Nairobi awe kielelezo katika kesi yao kuhusu mti huo. Nilimwuliza shangazi kama wafugaji waliulizwa kabla ya miche kuletwa. Akanitazama, akaendelea kumfunga mbuzi kamba.

Na kule Florence kwenyewe? Nyasi zilizompa Herbert wazo lake zilishika mchanga kiasi kwamba vilima vya nyuma vilikosa mchanga mpya vikaanza kuota vichaka, na ndege mmoja mdogo wa jamii ya vitwitwi, anayetaga kwenye mchanga mtupu, alikosa pa kutagia. Mwaka 1993 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Siku hizi matingatinga yanapelekwa ufukweni kuzikwangua nyasi zile zile. Aliyekulia Lamu asingeshangaa kwamba mchanga mtupu una kazi yake, maana maji ya visima vya mji ule hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela.

Herbert aliandika kabla ya mambo hayo kujulikana, lakini ukurasa anamomuaga mtaalamu wake wa pili unaonesha kwamba aliyahisi. Liet, mwana wa Pardot aliyezaliwa na mama Mfremen, anatupwa na maadui jangwani bila maji wala lile vazi la kunasa jasho. Jua linampiga, na masikioni mwake anaisikia sauti ya baba yake aliyekwisha kufa ikimfundisha darasa la ikolojia, ikimweleza kwa utulivu kwamba hakuna balaa kubwa kwa watu kuliko kuangukia mikononi mwa shujaa. Liet anajua kwa pua yake, si kwa darasa, kwamba chini ya kilima alicholalia gesi ya kiungo inajikusanya na inakaribia kupasuka, na kwamba yampasa ajikokote aondoke. Mwewe wanakaribia. Baba bado anafundisha.