Musa Alipokataa Maziwa

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Juzi jirani yetu mmoja hapa Wete alikwenda Chake Chake, gari ya kurudi ikamchelewesha. Mwanawe wa miezi mitano akashikwa na njaa. Shangazi mtu akamuomba mzazi mwengine wa mtaani amnyonyeshe. Mtoto akageuza uso. Akapewa tena, akakaza midomo, akalia mpaka sauti ikamkauka. Magharibi mama yake akapiga hodi. Hata buibui hajalivua, mtoto keshapindua shingo kuitafuta ile sauti.

Nikaikumbuka Suratul Qasas, aya ya 12. Mwenyezi Mungu anasema alimharamishia Nabii Musa wanyonyeshaji, pale alipookotwa mtoni na watu wa Firauni akiwa mchanga. Neno ni la mzizi ule ule tunaoutumia kwa ulevi na riba. Kitoto kichanga kina dhambi gani? Hakina. Lakini kila ziwa lilifungwa kwake, ili dada yake, aliyekuwa akimfuatilia kwa mbali, apate pa kusema neno, na Musa arudi kwa mama yake, jicho la mama litulie. Katazo lile lilimfikisha kwa anayemjua.

Na maharimu, si neno la mzizi huo huo? Mama, dada, shangazi, hata mama uliyenyonya kwake (kwa madhehebu yetu ya Shafii, mara 5 kabla ya kutimiza miaka 2). Ni haramu kumuoa, na kwa sababu hiyo hiyo hajitandi ushungi mbele yako, wala huoni haya kula chunguni mwake. Na yale mema tunayotakiwa kuyaamrisha, Qur-ani inayaita maarufu, neno lililotoka kwenye kujua, kama maarifa. Basi vipi tutakataza kama watu tusiojuana?

Nina jambo moyoni. Mwezi uliopita msikitini nilimtoa safuni kijana mdogo kwa sababu ya fulana yake ya mpira, ina picha mgongoni. "Haifai hiyo, toka." Sikumuuliza jina. Sikumuuliza ni mtoto wa nani, na Wete si mji wa mtu kukosa kwao. Ndugu zake Yusuf waliingia kwake, yeye akawajua, wao wasimjue. Nami nilisimama kama wao mbele ya yule mtoto, nisimjue. Alivaa ndara zake pale mlangoni kwa haraka, ya kulia mguu wa kushoto, akenda zake. Ijumaa tatu sasa sijamuona.

Hoja nilikuwa nayo. Wanavyuoni wanachukia mtu kuswali na nguo yenye picha ya kuwashughulisha wenziwe. Lakini kabatini mwa msikiti mna kanzu za akiba, na mkono wangu haukwenda huko.

Ni mwembamba, mrefu kidogo, umri wa miaka kumi na moja hivi. Anayemfahamu aniambie kwao ni wapi. Kanzu moja ya kimo chake nimeshaifua.