Vile nilikuja kuelewa neno deliberate nikiwa katibu wa chama

Mimi ni katibu wa chama chetu hapa Nyalenda, Kisumu, na minutes tunaandika kwa kizungu. Sasa kila minutes utasoma Kenya hii utapata "members deliberated at length", na mimi niliikuta kwa buku ya katibu mwenye alinitangulia nikaendelea nayo. Yenye ilikua inanisumbua ni vile hiyo hiyo neno inatokea kwa mpira, refa anapeana penalti juu handball ilikua deliberate, na hapo hakuna mtu amekaa kikao. Mambo ya kujadiliana na mambo ya makusudi yanakutania wapi?

Nilisaidiwa na kamusi, ile sehemu ndogo mwisho inaeleza neno limetoka wapi, yenye watu wengi huruka. Deliberate ni ya Kilatini, deliberare, na ndani yake kuna libra, yaani mizani. Hapo ikafunguka kabisa! Wanachama wakideliberate bado wanapima, hawajaamua, lakini mtu akifanya kitu deliberate huyo alimaliza kupima kitambo ndio akafanya. Haina undugu na liberate ya kuweka huru, hiyo imetoka kwa liber, ni neno lingine.

Hata matamshi yanakusaidia: ikiwa ni kitendo mwisho unasema "reit", ikiwa inaeleza kitu unasema "ret" haraka haraka. Katiba ya 2010, kifungu cha 95, inasema National Assembly "deliberates on and resolves", wanapima halafu wanaamua, ona vile zimefuatana. Na tangu 1992 kipa hashiki kwa mkono mpira mwenye mwenzake amempigia deliberately kwa mguu, lakini ukimgonga tu ukaenda kwa kipa anashika, sheria inaangalia nia.

Pia sio lazima iwe mbaya. Makusudi yetu ya Kiswahili mara nyingi inabeba lawama, umenikanyaga makusudi, lakini fundi wa nguo mwenye anakata kitambaa polepole akijua kila mkasi unaenda wapi, huyo pia ni deliberate na ni sifa nzuri sana.

Penye hii kitu ilinifaa zaidi ni kwa kikao. Kuna mama alikua amekosa kuleta contribution na mmoja wetu akasema, dada katibu, andika "she deliberately failed to pay". Nikakataa. Nikawaambia hiyo neno inasema alikaa, akapima, akaamua hatalipa, na nani hapa anajua hivo? Chairlady akampigia simu palepale, kumbe mtoto amelazwa. Tukadeliberate kidogo, tukamuongezea mwezi, na kwa minutes nikaandika tu "failed to pay" na sababu yake. Hiyo "deliberately" siku hizi siiandiki mpaka mtu mwenyewe awe amesema kwa mdomo wake kwamba aliamua.